Bibi Anaitwa Nani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Milembe alifagia uwanja, akachota ndoo mbili bombani, kisha akampelekea bibi yake chai na matobolwa. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani. Bibi alivichovya kwenye chai kimoja kimoja huku akimsikiliza mjukuu wake akikariri masomo.

Milembe alikuwa darasa la sita katika shule moja pale Somanda, mjini Bariadi, na kwa masomo alikuwa moto. Alijua mikoa yote ya Tanzania na makao makuu yake. Alijua mito inayoingia Ziwa Viktoria, na namba ya simu ya mwalimu mkuu alikuwa nayo kichwani. Darasani, mkono wake ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Wenzake walishamchoka, na yeye alijua kwamba wamemchoka, wala halikumsumbua.

Wiki hiyo baba yake, Dastan, alikuwa Bukundi kuangalia ng'ombe wa familia. Mama yake alikuwa Binza, kule Maswa, kumsaidia dada yake aliyejifungua. Nyumbani walibaki Milembe na bibi tu. Jumatatu bibi alijikata mguu kwa jembe shambani, akafunga kitambaa, akasema ni mchubuko. Milembe akamwambia waende hospitali. Bibi akamwambia yeye aende shule.

Ijumaa asubuhi chai ilipoa bila kuguswa. Bibi alikuwa kitandani, mwili unachoma, mguu umevimba mpaka gotini, na alikuwa akizungumza Kisukuma na watu wasiokuwepo. Milembe alitoka mbio kumwita jirani, Mama Gloria. Mama Gloria hakuuliza mengi. Alisimamisha bajaji, wakampakia bibi, na baada ya dakika kumi walikuwa hospitali.

Wauguzi walimpokea palepale na kumwekea dripu. Daktari Masunga alifungua kile kitambaa, akatikisa kichwa, akauliza, "Kuna dawa inayomdhuru huyu mama?"

"Ipo," alijibu Milembe upesi. "Mwaka juzi alichomwa sindano hapa, uso ukavimba, akashindwa kupumua. Alilazwa siku tatu."

"Sindano gani?"

Milembe hakujua.

"Sikiliza, binti," alisema daktari. "Kidonda kimeoza na sumu inapanda. Nina sindano za aina mbili za kumsaidia, na moja inaweza kuwa ndiyo hiyo iliyomvimbisha. Sitaki kubahatisha. Nendeni mapokezi mkaniletee taarifa zake za mwaka juzi. Ninaweza kusubiri nusu saa. Zaidi ya hapo, tutampoteza."

Mapokezini alikaa dada mmoja, Scola, mbele ya kompyuta.

"Jina la mgonjwa?"

"Mama Dastan."

Scola aliandika, akasubiri. "Hakuna. Nipe jina lake yeye."

"Bibi."

Scola aliondoa mikono kwenye kompyuta. "Mdogo wangu, humu ndani mabibi wamejaa wodi nzima. Nataka jina alilopewa na wazazi wake."

Miaka kumi na miwili Milembe alikuwa amebebwa mgongoni na bibi huyo, amelishwa naye, amelala naye kitanda kimoja, na hata siku moja hakuwahi kujiuliza kama ana jina. Bibi alikuwa Bibi, basi. Mito yote ya Ziwa Viktoria aliijua, lakini jina la mtu aliyemkogesha tangu akiwa mchanga halikuwamo kichwani. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto.

Alimgeukia Mama Gloria. Mama Gloria alitazama sakafu.

"Mimi namwita Mama Dastan," alisema. "Mtu mzima yule. Ningeanzaje kumwuliza jina, mimi ni polisi?"

"Haya, na wewe uliyemleta unaitwa nani?" aliuliza Scola.

"Klementina."

Milembe alimkodolea macho. Na hilo pia alikuwa halijui, na nyumba zao zinatenganishwa na ua wa minyaa tu.

"Kadi yake ya hospitali?"

"Ililiwa na mchwa, pamoja na sanduku na karatasi zote zilizokuwamo," alijibu Milembe.

"Ana umri gani?"

"Ni mtu mzima."

Scola alishusha pumzi ndefu. "Jina la baba yake je? Angalau hilo."

"Wazee humwita Ng'wana Mayige, yaani mtoto wa Mayige."

Scola aliandika Mayige, kisha akaigeuza kompyuta ili waione wenyewe. "Wako mia mbili na kumi na saba. Niwasomee wote?"

Mama Gloria alitoa simu. Walianza na mama yake Milembe kule Binza.

"Jina la mama mkwe?" alishangaa mama. "Milembe, una akili kweli? Mkwe hatajwi jina. Tangu niolewe sijalitaja, na wala sikuambiwa."

"Mama, bibi yuko mahututi."

"Mpigie baba yako," mama alisema, sauti ikiwa imepungua.

Baba alipatikana baada ya kupigiwa mara nne, maana kule Bukundi mtandao huja unapotaka wenyewe. Alisema kwa uhakika wote, "Andika Monika Mayige. Ndivyo ninavyojaza kwenye fomu zote."

Scola aliandika, akatikisa kichwa. Hakuna.

"Monika ni la ubatizo," baba alisema. "Labda alijiandikisha kwa lile la nyumbani."

"Na lile la nyumbani ni lipi?"

"La nyumbani..." Baba alikohoa. "Sisi tulimwita Mama."

"Na babu alimwita nani?"

"Alimwita Mama Dastan."

Fikirini wenyewe. Mtu mwenye ndevu, mzee wa kanisa, ana miaka arobaini na mmoja, na jina la mama yake mzazi halijui. Milembe alitaka kupiga kelele. Alimkasirikia baba, akamkasirikia mama, akawakasirikia mchwa, na zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe. Simu ikakatika. Saa ya ukutani ilionyesha kwamba dakika kumi na tano zimeshakwenda.

Ndipo akili yake ilipoanza kufanya kazi. "Mama Gloria, wote tuliowauliza ni wadogo kwa bibi," alisema. "Mdogo hamtaji mkubwa. Tumtafute aliyemzidi umri. Huyo hana sababu ya kuogopa jina lake."

"Aliyemzidi Mama Dastan, hapa Somanda?" Mama Gloria alifikiri. "Labda Bibi Salu, yule wa matobolwa sokoni. Walikulia kijiji kimoja. Ila hana simu."

Milembe alikuwa ameshafika mlangoni.

Soko halikuwa mbali, lakini alilifikia akihema. Bibi Salu alikuwa amekaa nyuma ya gunia lake akipima bidhaa kwa kopo. Milembe alipiga goti, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, bibi."

"Mwangaluka, mayu. Wazima nyumbani?"

"Wazima, bibi. Samahani, nina..."

"Baba hajambo?"

"Hajambo, ila..."

"Na ng'ombe wanaendeleaje?"

Milembe alikaribia kulia kwa kukosa subira. "Bibi, nisamehe, mgonjwa wetu anakufa. Nataka jina lake la nyumbani. Mama Dastan."

"Nyamizi?" alisema Bibi Salu, bila kusita hata kidogo. "Nyamizi amepatwa na nini? Kwani nyinyi mnamwita nani?"

Milembe alishukuru huku ameshageuka. Alikimbia mpaka kiatu kimoja kikamtoka mguuni, akakiokota na kuendelea nacho mkononi.

"Nyamizi Mayige," alimwambia Scola.

Vidole vya Scola viligonga upesi. "Huyu hapa. Nyamizi Mayige, Somanda, miaka sitini na minane." Aliinuka mwenyewe akawahi wodini na taarifa zile.

Daktari Masunga alikuwa amesimama kando ya kitanda, vichupa viwili viko mezani. Alisoma, kisha akakichukua kimoja na kukirudisha kabatini.

"Hiki ndicho nilichokuwa nimeamua kuanza nacho," alisema kwa sauti ya chini. Akavuta dawa kutoka kile cha pili. Milembe alikaa chini sakafuni.

Jumapili bibi aliweza kukaa kitandani na kunywa uji. Baba alikuwa amefika kutoka Bukundi, suruali imejaa vumbi mpaka magotini. Mama Gloria alikuwa ameshamsimulia bibi kila kitu, na bibi hakufurahishwa hata kidogo.

"Dastan," aliita. "Mimi naitwa nani?"

Baba alitazama huku na huku kana kwamba kuna mtu wa kumsaidia. "Nyamizi," alinong'ona.

"Sikusikia."

"Nyamizi, mama."

"Ahaa. Nimekuzaa, nimekusomesha, na jina langu umeambiwa na muuza matobolwa." Akamgeukia Milembe. "Na wewe, mwenye kujua mito."

Milembe aliinamisha kichwa. "Nisamehe, bibi."

Bibi alipoendelea, ukali ulikuwa umepungua. "Na mimi nina kosa. Jeraha nililificha, na kuhusu sindano ile sikumwambia mtu jina lake, nikaona ni mambo ya wazee. Lakini sikilizeni. Adabu ni kulijua jina la mkubwa wako na kutolitaja ovyo. Kutolijua kabisa si adabu, ni uzembe, na uzembe huo ulitaka kunizika. Usione haya kuuliza jambo ambalo kila mtu anadhani unalijua. Haya ya kuuliza ni ya dakika moja. Milembe, toa daftari."

Milembe alitoa daftari na kalamu. Aliandika majina ya bibi yote mawili, la nyumbani na la ubatizo, akaandika umri wake, na dawa asiyotakiwa kuchomwa tena, aliyotajiwa na daktari herufi kwa herufi.

"Sasa mwandike mama yako," alisema bibi.

"Kabula Anatoli," Milembe alijibu upesi, kwa furaha ya kujua.

"Miaka mingapi? Na ipo dawa inayomdhuru?"

Kalamu ilisimama. Baba alianza kufungua mdomo, bibi akamzuia kwa mkono. Alijiegemeza kwenye mto na kufumba macho, amechoka na ukoo mzima.

"Mpe simu, Dastan," alisema. "Amwulize mwenyewe, sasa hivi."