Taa ya Kijani Kwenye Kamba ya Nguo

Cherehani ya Mama Sindano iliwahi kuamka kuliko majogoo. Alishona magauni ya maharusi katika chumba cha chini, ambacho nusu yake imezama ardhini. Madirisha aliyafunga ndi! Vumbi na kitambaa cheupe havipatani. Binti yake mdogo alilala humo humo, kando ya majora ya vitambaa.

Asubuhi moja akaja jirani yake, afisa afya ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Afya.

"Watafiti wanapima radoni majumbani, jirani."

"Redio ninayo, ila betri zimekwisha."

"Radoni! Ni gesi. Inatoka kwenye mawe na udongo, inapenya kwenye nyufa za sakafu. Haina rangi wala harufu. Nje inapeperuka, lakini kwenye chumba kilichofungwa inajaa. Ukiivuta miaka mingi, inaweza kukuletea saratani ya mapafu. Kwa mvuta sigara ndiyo hatari zaidi."

Mume wa Mama Sindano, mwashi, alikuwa amesimama mlangoni. Sigara yake akaificha nyuma ya mgongo.

"Mkiikuta, mtanifungia chumba?" Mama Sindano aliuliza. Chumba kile ndicho kilichomlisha.

"Tupime kwanza," alijibu Bibi Afya. Akamwachia kifaa kidogo chenye taa. Kijani ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. "Kipe miezi mitatu."

Miezi mitatu ilipotimia, Bibi Afya alipokewa kwa vigelegele.

"Kijani tupu! Chumba changu hakina neno!"

"Hongera! Kifaa kiko wapi?"

"Nje."

Kilikuwa kinaning'inia kwenye kamba ya nguo, kimeshikwa na kibanio, kati ya shuka na soksi.

"Jirani! Huku kimefuata nini?"

"Si kinapima hewa? Chumbani hewa haipiti. Nikakileta kwenye hewa!"

Bibi Afya alicheka hadi akashika mbavu. "Basi umepima afya ya soksi! Kifaa kikae mnapokaa nyinyi, jirani. Kivute mnachovuta."

Kikarudishwa chumbani, juu ya meza ya kukatia, mbali na dirisha. Safari hii taa ikawaka nyekundu, na nyekundu ikabaki. Mama Sindano aliogopa sana. Siku hiyo hiyo alimhamishia binti yake chumba cha juu.

"Kazi yangu ndiyo imekwisha," alimwambia Bibi Afya.

"Haijaisha. Tunaifungia gesi mlango, siyo wewe."

"Ipitie wapi?" mwashi aling'aka. "Sakafu hii nimeimwaga kwa mikono yangu. Haina ufa!"

Mama Sindano alichukua chaki yake ya kukatia, akapiga magoti, akachora juu ya kila ufa, na kuzunguka bomba la maji pia. Alipoinuka, sakafu ilikuwa kama kitambaa kinachosubiri mkasi.

Mwashi alijikuna kichwa. "Haya, mke wangu. Umenipima, nikapungua."

"Usipoziba ufa..."

"Nitajenga ukuta, najua!"

"Na hapa kuziba peke yake hakutoshi," Bibi Afya alisema.

Akamleta fundi aliyesomea kazi hiyo. Yeye na mwashi wakatoboa sakafu, wakapitisha bomba hadi juu ya paa, wakafunga feni ndogo. Feni ile iliinyonya gesi chini ya sakafu na kuitupa nje kabla haijaingia chumbani. Nyufa zote zikazibwa. Mwashi naye akaacha sigara. Alisema hawezi kufukuza sumu moja chini ya sakafu, huku anaikaribisha nyingine mdomoni.

Wakapima tena, pale pale kwenye meza ya kukatia. Nyekundu ikawa njano. Njano ikawa kijani. Mama Sindano alimbeba binti yake, akacheza naye katikati ya magauni hadi uzi ukawazonga miguuni. Chumba chake kimepona, na kazi yake imepona! Mwashi alipiga makofi kama bwana harusi mwenyewe.

Wiki ile jirani wa nyumba ya pili akabisha hodi.

"Shoga, niazime kibanio kimoja."

"Cha nini?"

"Bibi Afya ameniachia kile kifaa. Nataka nikitundike nje, kipate hewa."

Mama Sindano alicheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akaweka sindano chini, akamshika mkono.

"Kibanio sikupi, shoga. Twende kwako, unionyeshe mnapolala."