Mto wa Kavata

Kila asubuhi kabla ya shule, Kavata aliteremka na punda wao hadi mtoni, nje kidogo ya Kyuso. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Aliondoa matawi ya miiba yaliyoziba kisima kilichochimbwa mchangani, akaingia shimoni, akachota maji kwa kopo mpaka mitungi minne ikajaa. Kisha aliirudisha ile miiba, maana mbuzi hawana adabu.

Muhula huo Mwalimu Kivuva, aliyehamia majuzi kutoka mji wa Wote, aliwafundisha utalii. Alieleza kwamba kivutio ni chochote kinachomfanya mtu afunge safari kwenda kukiona: mlima, wanyama, hata kazi ya mikono ya watu. Akataka kila mmoja aandike barua kuhusu kivutio cha kwao. Barua bora ingetumwa kwa shule moja ya Machakos, na wanafunzi wa huko wangekuja kutembea.

Kavata aliwaza, asione kitu. Nani atoke Machakos aje kutazama mchanga? Basi akaandika kuhusu maporomoko ya maji yenye povu jeupe. Barua yake ikashinda. Wageni wakajibu kwamba watafika Jumamosi.

Leyla, mwanafunzi mwenzake ambaye baba yake huuza mbuzi sokoni, alimcheka. "Sisi hunywesha mbuzi kwenye mto huo kila siku. Hayo maporomoko yako hungoja twende nyumbani ndipo yaanguke?"

Chakula kikamshinda Kavata siku mbili. Alhamisi jioni, baada ya sala, alimweleza mama yake yote. Mama hakumfokea. Alifunga Biblia taratibu.

"Watoto wa wenyewe wataamka alfajiri wapande basi, waje kutafuta uongo wako," alisema. "Kesho utamwambia mwalimu. Kwa mdomo wako, si wangu."

Mwalimu Kivuva alisikiliza, akasikitika, akamwagiza aandike barua ya pili yenye ukweli, wageni waamue wenyewe. Kavata akaandika kwamba chini ya mchanga kuna mwamba unaozuia maji ya mvua yasipotee, na mchanga huyafunika jua lisiyanywe. Mwalimu akaipiga picha, akaituma kwa simu. Siku ikaisha bila jibu.

Jumamosi basi likaja; wageni walikuwa wameisoma barua ya pili.

Kavata aliwaomba wageni msamaha kwanza, kisha akawapeleka mtoni. Mvulana mmoja alichimba kwa mikono, akazama hadi kwenye viwiko. Shimo likalowa, maji yakapanda polepole, safi.

"Nani aliyaficha hapa?" mvulana akauliza.

Kavata akaeleza, na maswali yakaja mengi hata Leyla akasaidia kujibu.

Jua lilipopinda, Mwalimu Kivuva alimwita Kavata kando. "Maporomoko yako yangetuletea aibu," alisema. "Mto huu umetuletea wageni, kwa sababu uliusema ulivyo. Usimpambie mgeni kwenu kwa uongo. Kutazame kwanza wewe mwenyewe, uone kilichopo."

Kavata akarudi kufunika kisima. Siku hiyo alikuwa na wasaidizi thelathini, na hakuna hata mmoja aliyejua kushika miiba.