Maji Moto ya Injini

Injini ilikuwa imezimwa tangu saa mbili asubuhi, na hadi saa tisa alasiri bado haishikiki kwa mkono. Talal, fundi wake, akasema ni jua la Wattaya, mtaa wa karakana yake. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huridhika na jibu la karibu.

Ilikuwa injini ya ndege ya vita, umri wake umepita miaka mia, ya zile za mwanzo zilizopozwa kwa maji: kila silinda imevikwa koti la shaba, maji yanapita ndani yake. Tajiri mmoja alitaka ingurume kwenye makumbusho yake. Asubuhi hiyo iliwaka kwa mara ya kwanza tangu Talal aanze kuitengeneza, maji yakachemka, na Talal akayafungulia uani yakatiririka mpaka kwenye shimo la maji machafu.

Sasa shimoni mlikuwa na mtoto analia, kilio chembamba cha kuishiwa pumzi. Talal akainama, hakuona mtu. Akafunga karakana akarudi kwake Al Amerat, njia nzima gari linanuka nywele zilizoungua.

Alimkuta bintiye Shahad, wa miaka saba, kalala kifudifudi, malengelenge mgongo mzima. Mkewe aliapa mtoto hakukaribia moto wala birika. Daktari alitoa marhamu na kumtazama baba kwa jicho baya. Siku tatu mtoto akazidi kuungua, na Talal akakesha hapo kitandani hana nguvu hata ya kuomba dua, akisikia chini ya pumzi za mwanawe pumzi nyingine, nzito, za mtu mzima, zinazopanda hizi zikishuka, mpaka akaogopa kujua zipi zitakatika kwanza.

Mama yake, Bi Shariffa, mzaliwa wa Unguja, akafukiza ubani, akauliza polepole, "Yale maji ulipoyamwaga, ulipiga bismillahi?"

 Talal alilelewa akijua maji moto hayamwagwi chini kimyakimya, wenyewe wa chini, majini, wasije wakaungua. Kila parafujo ya injini aliikumbuka, neno moja akalisahau. Maji yakimwagika hayazoleki.

Shahad akafumbua macho. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke, mchovu kuliko Talal.

"Mwanangu alikuwa kalala shimoni. Moto huu hauwezi tena. Naubebe mwengine."

"Nipe mie," Talal akasema. Bi Shariffa alimziba mdomo, lakini alichelewa.

Jioni ile Shahad aliinuka, ngozi safi, akaomba chakula. Talal akalia kwa furaha, akamkumbatia. Mtoto akajinasua, akarudi nyuma hadi ukutani.

"Baba, waniunguza."