Jeruto Alipojifungia Chumbani

Kila asubuhi Salina alikama ng'ombe, akasugua vibuyu kwa mkaa, kisha akapeleka mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye vibuyu hivyo, sokoni. Aliishi Munyaka, Eldoret, na mumewe Kipyego, dereva wa lori la mbao. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Jeruto. Alikuwa Poland akisomea uuguzi. Munyaka nzima ilijua hivyo, kwa sababu Salina aliwaambia.

Jioni alimpigia simu.

"Umesoma?"

"Nimesoma, Mum."

Siku moja Salina aliona picha kwa simu. Jeruto alikuwa kwa sherehe, amevaa kofia ya karatasi. Kando yake alikuwa Apiyo, msichana wa Kisumu aliyesoma naye darasa moja na kukaa naye hosteli moja. Walikuwa wanacheka. Salina alipandwa na hasira.

"Tulikupeleka huko kucheza?"

"Mum, ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa tumemaliza kazi ya darasa."

"Sitaki kusikia! Huyo Apiyo atakuharibu. Kutoka leo ni darasa na chumba. Basi!"

"Sawa, Mum."

Na kweli alitii. Aliacha kwaya. Aliacha kula na wenzake. Apiyo akibisha mlango, hafungui. Baridi ilipoingia, giza lilianza kushuka mchana, naye akabaki peke yake na vitabu. Alirudia ukurasa ule ule, usiingie kichwani. Alianguka mtihani, akaogopa kusema. Hayo yote Salina aliyajua baadaye. Wakati huo alisikia tu, "Nimesoma," akafurahi.

"Umeona?" alimwambia Kipyego. "Mtoto ametulia."

Kisha Jeruto akaacha kushika simu. Kipyego alisema labda ni mtandao. Salina alipiga tena na tena.

Alikuwa sokoni akimimina mursik aliposikia simu ikilia. Sauti haikuwa ya Jeruto.

"Mama Jeruto, ni mimi Apiyo. Najua hunipendi, lakini nisikilize."

"Jeruto ako wapi?"

"Ako hospitali. Alijifungia chumbani. Hakuwa anakula. Nilimwita mlinzi, akafungua mlango." Apiyo alianza kulia. "Mama, aliniambia hataki kuamka tena."

Salina alichuchumaa palepale. Mteja alimwita, hakusikia. Aliacha vibuyu wazi, akaenda mbio kwa jirani yake Musimbi, mshauri wa wanafunzi katika chuo kimoja mjini. Musimbi alikuwa anaanika nguo. Aliposikia, aliziacha kwenye beseni.

"Nani amemroga mtoto wangu?" Salina alilia.

"Hajarogwa, Mama Jeruto. Ni mgonjwa. Akili nayo huugua kama mwili, na inatibiwa."

"Mimi nilimwambia asome tu. Nilikosea?"

Musimbi hakumficha. "Ndiyo. Si wewe pekee. Baridi, ugeni na masomo magumu pia vilimlemea. Lakini ulimwondolea watu wa kumshika mkono."

"Na wale wanaokesha kwa pombe mpaka wanafukuzwa? Mimi nilikuwa namkinga!"

"Hao pia nimewaona. Starehe bila mpaka inaharibu masomo. Lakini masomo bila watu yanamharibu mtu mwenyewe. Mwanafunzi apange wiki yake. Awe na saa za kusoma, na kusoma na wenzake ni vizuri. Awe na saa za kulala. Awe na siku ya kupumzika, aende kanisa, acheze. Akishindwa na somo, amwambie mwalimu mapema. Kila chuo kina mtu kama mimi."

"Sasa nimwambie nini?"

"Usimgombeze. Usimhubirie. Msikilize. Daktari ajue kila kitu alichosema, na asiachwe peke yake."

Jioni hiyo Apiyo alimwekea Jeruto simu sikioni.

"Mtoto wangu," Salina alisema, "nisamehe."

"Mum, nilianguka mtihani."

"Hata ukianguka yote, wewe ni wangu. Ukitaka kurudi, rudi."

Jeruto alilia. Kipyego alichukua simu, akamwambia ale. Salina akaomba kuongea na Apiyo.

"Apiyo, nilikusema vibaya bure," alisema. "Asante kwa kumtafuta."

Jeruto hakupona haraka. Siku zingine hakutoka kitandani, na Apiyo alimletea uji. Chuo kilimruhusu kurudia mwaka. Sokoni watu walinong'ona kwamba mtoto wa Salina ameshindwa na Ulaya. "Aliugua," Salina aliwajibu. "Mimi pia nilichangia." Mama mmoja alimvuta kando, akamuuliza namba ya Musimbi. Kijana wake alikuwa India, na alikuwa ameacha kushika simu.

Jeruto alijipangia wiki yake pamoja na mshauri wa chuo. Asubuhi ni darasa. Jioni anasoma na kikundi. Jumamosi anacheza voliboli. Sherehe akialikwa, anaenda, anarudi mapema. Mwaka huo alipita masomo yote isipokuwa moja. Apiyo alikuwa amemtangulia darasa. Hilo lilimuuma Jeruto, na hakulificha.

Jumamosi moja Salina alipiga simu, akasikia kelele za vijana na mpira ukigongwa.

"Jeruto! Njoo, tunakungoja!" mtu aliita.

"Mum, nikupigie baadaye?"

"Nenda," Salina alisema, akakata simu yeye mwenyewe.