Koti Lenye Doa la Manjano

"Karibu tena, bibie. Tulidhani umetutupa."

Dobi aligeuka kutazama nyuma yake, maana tangu azaliwe alikuwa hajawahi kukanyaga mkahawa ule wa Kihindi. Nyuma hapakuwa na mtu. Palikuwa na mlango tu, kioo kilichojaa mvuke, na nje baridi ya kipupwe ile inayong'ata masikio.

Mhudumu, mzee mwembamba mwenye masharubu meupe, alishamvutia kiti cha pembeni, karibu na bomba la joto. Akafuta meza, akaweka sahani, kisha kijiko, upande wa kushoto.

Dobi akakihamishia kulia.

Mzee akakirudisha kushoto, taratibu, kama mtu anayemtengenezea mtoto kola ya shati.

Dobi alikuwa amefika pale kwa ujanja wake mwenyewe. Kazi yake ni kupokea makoti ya watu, na wakati wa baridi koti linakwambia mwenyewe alikula wapi. Mengi hunuka mafuta yaliyorudiwa kukaangia. Machache yalinukia iliki na kitunguu kilichokaangwa bila haraka, mpaka mate yakamjaa. Kila alipowauliza wenye makoti hayo mchuzi huo unaliwa wapi, walimtajia mahali pamoja: nyuma ya stesheni, kwa Wahindi.

Mchumba wake hakutaka kusikia. Huyu alikuwa fundi wa mabomba, aliyeingia dukani kuziba bomba linalovuja akaishia kukaa moyoni. Mchuzi sawa, alisema, lakini si pale. Mara mtaa ule unateleza, mara wanazidisha pilipili. Dobi akamuuliza amejuaje pilipili ya mahali asipowahi kufika. Fundi akacheka, akampa kikombe cha chai, kama kawaida akakielekeza kwenye mkono wa kushoto wa Dobi, akageuza mazungumzo.

Na ndoa ilikuwa Jumamosi. Fundi alimwambia kwamba jina la "mke wangu" analiweka mpaka siku hiyo. Kwa sasa yeye ni "Dobi wangu" tu. Dobi aliona heri ajue linalofichwa kabla ya Jumamosi kuliko baada. Basi leo mchana akamwandikia: "Njoo nyuma ya stesheni, kwa Wahindi. Nimeshakaa."

Hakujibiwa.

Mzee alirudi na bakuli la mchuzi mweupe, mzito, wa korosho, ulionyunyiziwa bizari ya manjano juu.

"Bila pilipili. Kama kawaida yako."

"Baba, mimi pilipili naila mpaka pua itiririke. Na humu sijawahi kuingia."

Hapo ndipo mzee alipomwangalia usoni. Muda wote ule alikuwa hajamtazama uso. Akaliweka bakuli mezani.

"Nisamehe, mwanangu. Nimeliona koti."

Lilikuwa koti la sufu la kijani, zawadi ya Fundi baridi ilipoanza, ndani ya boksi lenye utepe. Jipya kutoka dukani, alisema. Dobi aliliona siku ileile lile doa dogo la manjano kwenye pindo la mkono wa kushoto. Manjano ya mchuzi hayasikii sabuni. Yanaliwa na jua, na kipupwe hakina jua. Akajidanganya kwamba dukani kuna mteja aliyelijaribu na mikono michafu. Mtu akipenda, macho nayo huenda likizo.

"Mwenye koti yuko wapi?" Dobi akauliza.

"Alilegea hapo ulipokaa, kipupwe kilichopita, kijiko mkononi. Hospitali hakufika. Uzee wangu huu umeliona koti, ukasahau msiba. Mumewe alirudi kesho yake. Nikajua amekuja kulia na sisi." Mzee akashusha sauti. "Alikuja kuchukua koti."

Mlango ukafunguka. Fundi akaingia na mfuko wake wa spana. Hakumsalimia mzee, wala mzee hakumuuliza atakula nini. Akakaa akitabasamu, tabasamu lilelile ambalo Dobi alikuwa akilala nalo na kuamka nalo. Leo akalifuata aone linakwenda wapi. Lilikuwa linaishia kwenye mabega ya koti.

"Uliniambia hujawahi kuoa."

"Ningekwambia, ungelivaa?"

"Kwa nini ukanipa mimi?"

Fundi alinyoosha kidole akaligusa lile doa, polepole, kama anayegusa shavu.

"Nilitaka kuliona likitembea tena."

Alisema hivyo bila aibu, kama mtu anayeomba maji. Dobi akahisi mikono ya koti imebana, kama vile mtu mwingine ametangulia kuingiza yake. Kilichomtisha zaidi ni kwamba bado alimpenda.

"Niagizie chakula, basi," akasema. "Changu mimi."

Fundi akatazama sahani, akatazama koti. Alijitahidi kweli, jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Mwishowe akalisogeza bakuli jeupe, akakinyoosha kijiko vizuri pale kushoto.

"Unapenda huu."

Dobi akasimama. Akalivua koti, akauvika nalo mgongo wa kiti, akaivua pete ya uchumba na kuilaza ndani ya kijiko. Akatoka na sweta tu.

Nje baridi ilimpokea kifuani. Hakuwa amefika mbali alipogeuka. Mzee alikuwa amefuta kioo kwa kiganja, labda amtazame anakwendaje, na pale palipofutwa Dobi akamwona Fundi. Alikuwa anaongea na kiti cha mbele yake. Anaongea, ananyamaza kama anayejibiwa, anacheka kidogo. Kisha akachukua simu, akaandika.

Simu ya Dobi ikatetemeka.

"Mke wangu, mchuzi unapoa."

Aliandika kwa vidole vilivyokufa ganzi:

"Huyu ni dobi. Umekosea namba."

Kule ndani Fundi alisoma, akatikisa kichwa kwa upole, kisha akaigeuza simu kuelekea kwenye koti, nalo lisome.