Jana Ulikula Nini?

Soko la Suna, Migori, lilikuwa limefurika siku ile ya Agosti 1996 Jacktone alipomwona binti wa sketi ya bluu, mizani ndogo mkononi, akipima omena, dagaa wa akina mama wachuuzi, fungu baada ya fungu.

"Madam, wewe ni wa serikali? Hawa mama utawashika?"

"Mimi ni wa lishe, Homa Bay. Nafundisha wauguzi, nafanya utafiti. Haya, jana ulikula nini?"

"Mbona unaniuliza?"

"Ndiyo kazi yangu. Toka asubuhi mpaka ulale. Usinidanganye."

"Chai na mkate. Halafu chai tena."

"Si ajabu umekonda hivyo!"

Mtu akishachokozwa namna hiyo na macho kama yale, amekwisha. Kila Jumamosi simu ya duka la Jacktone la vifaa vya ujenzi ililia, na Lynnet, binti yule, akauliza swali lile lile.

"Ugali, samaki, na kukuwaza wewe, jaber, mrembo wangu."

"Kuniwaza hakuna protini, mpenzi."

Oktoba utafiti ukamfikisha Magunga, mlangoni kwa Leonida, mama yake Jacktone. Lynnet akauliza. Mama akainamisha kichwa. Kikombe kimoja cha uji, basi. Mahindi anayotumiwa na mwanawe yalilisha mayatima sita wa marehemu mke mwenzake. Huyo ndiye aliyemdhulumu Leonida shamba, na Jacktone aliapa nyumba ile haitaonja chakula chake.

"Nyathina, mwanangu, usimwambie. Akijua, hawa watoto watalala njaa."

"Sitamwambia, mama. Tunayoambiwa ni siri."

Aliahidi haraka mno, maskini. Akampelekea unga wa lishe kila wiki; huo pia mama akawagawia watoto.

Wiki tatu baadaye mama alizirai, akaletwa wodini Homa Bay. Jacktone akaingia shati limelowa jasho.

"Daktari anasema ni njaa! Na majirani wanasema ulimhoji. Ulijua?"

"Nilijua."

"Kila Jumamosi unauliza mimi nimekula nini, na mama yangu anakufa?"

"Niliahidi, Jack. Siwezi kukueleza."

"Basi olewa na hiyo ahadi yako."

Akatoka. Lynnet alitamani kumwita, lakini angemwita angesema, na angesema watoto sita wangekosa chakula. Jumamosi mbili alipiga simu, ikakatwa. Alilia hasa, kisha akanawa uso akaenda kufundisha.

Jumatatu moja wauguzi wakifanya mazoezi ya kuhoji, mlango ukafunguka. Jacktone, suti ya kijivu imekunjamana, akaketi kwenye kiti cha mhojiwa.

"Madam, niulize."

Lynnet akaishika kalamu kwa nguvu.

"Jana ulikula nini?"

"Ugali na mboga ya osuga, Magunga. Mama aliposikia nimekuacha akasema yote. Nilikasirika, nikasimama niende. Halafu kale kasichana kadogo kati ya wale yatima kakaniletea maji ya kunawa. Nimekula nao, Lynnet. Wote sita. Sinia moja. Nisamehe."

Kalamu ya Lynnet haikuandika kitu.

"Wewe huuliza ya jana tu," Jacktone akasema. "Mimi nauliza ya kesho, mpaka tuzeeke. Utakula kwangu?"

"Na wale sita?"

"Tutakula nao."

"Basi nitakula," akajibu huku machozi yakimtoka, na wauguzi wakapiga vigelegele hadi wagonjwa wa wodi ya jirani wakauliza kuna nini.