Nywila Iliyobandikwa Ukutani

Ndugu zangu, nawaomba tukae kidogo nyumbani kwa Mwesiga, kule Izigo wilayani Muleba, asubuhi ya Jumamosi. Mvua imekatika na buni imeanikwa kwenye turubai mbele ya nyumba. Mkewe, Jovita, anamenya ndizi huku akiimba wimbo anaowafundisha watoto wa chekechea ya kanisani, ambako ni mwalimu. Mama mkwe wake, Ma Ephrasia, anachambua maharage na kumcheka kwa kuwa sauti imepanda mno. Nyumba ilikuwa na amani.

Kisha ujumbe ukaingia kwenye simu ya Mwesiga, ukafuata mwingine, na simu haikunyamaza tena.

Mtu alikuwa amerusha picha katika kundi la WhatsApp la kijiji. Ilionyesha majina ya wagonjwa wa zahanati moja ya binafsi huko Kashai, mjini Bukoba, na mbele ya kila jina ugonjwa wake. Jina la Jovita lilikuwemo. Mbele yake paliandikwa: kifafa.

Mwesiga alijua tangu uchumba. Wengine hawakujua. Jovita alikuwa akifuata dawa mbali ili asikutane na mtu wa Izigo, na kwa kuwa alizimeza bila kukosa, alikuwa hajaanguka kwa miaka mingi.

"Mwanangu," Ma Ephrasia alimuuliza Jovita alipoiona picha ile, "ni kweli?"

Jovita hakuinua macho kutoka kwenye ndizi. "Ni kweli, Mama."

Jumatatu darasa lake lilikuwa nusu tupu. Wazazi walinong'ona kwamba povu la mwalimu akianguka litawaambukiza watoto. Si kweli, msomaji wangu! Kifafa hakiambukizi, si kwa mate wala kwa kugusana. Lakini hofu haisikii. Nyumbani, Ma Ephrasia alimtengea sahani yake na kikombe chake. Aliviweka tu pembeni. Naye Jovita, kwa aibu, akaacha kwenda Kashai. Dawa zikamwishia.

Ilikuwaje siri hiyo ikatoka? Mwenye zahanati, Daktari Kagaruki, alikuwa tabibu mzuri asiyemfukuza mgonjwa maskini. Ila mambo ya kompyuta aliyapuuza. Wahudumu wote walitumia nywila moja, na ilikuwa imebandikwa ukutani pale mapokezi ili asiisahau mtu. Karani wa mapokezi, Kyaruzi, alipoachishwa kazi kwa ugomvi, aliondoka nayo kichwani, na hakuna aliyeibadilisha. Akiwa nyumbani kwake aliufungua mfumo wa zahanati kwa simu, akapata ile picha, akairusha mitandaoni ili kumwaibisha daktari, nayo ikasambaa hadi Izigo. Waliokuwemo kwenye picha hakuwafikiria.

Wakili wa zahanati, Evelyne, alipopata habari alikwenda kwa daktari mara moja.

"Maneno ya mtandaoni hupita, wakili," daktari alimwambia. "Tunyamaze. Watu watapata jingine la kusema."

"Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi haikuruhusu kunyamaza. Inakutaka uitaarifu Tume inayosimamia taarifa hizo bila kuchelewa. Na wewe hata kujisajili kwenye Tume bado, ingawa nilikukumbusha."

"Mwenye kosa ni Kyaruzi!"

"Kyaruzi atajibu lake, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo. Lakini mlango uliuacha wazi wewe. Wagonjwa walikukabidhi siri zao wewe, hawakumkabidhi Kyaruzi."

Daktari alikasirika, akamwashiria wakili wake kwa mkono tu aondoke. Alinyamaza, akingoja maneno yapite.

Hayakupita. Jioni moja Jovita alikuwa jikoni anakoleza moto alipoanguka, na mkono wake ukaingia kati ya mafiga. Mwesiga alikuwa bado kibanjani, kwenye migomba. Aliyemfikia ni Ma Ephrasia, yule yule aliyetenga sahani. Alimvuta kwa mikono mitupu, akamlaza ubavu, akamfuta povu kwa kitenge chake huku akilia, "Waitu, jamani, mwanangu, usinifie!"

Mkono ulipokwisha kufungwa bandeji hospitalini, Mwesiga alimpigia daktari simu.

"Mke wangu ameungua, daktari. Aliacha dawa kwa sababu anaona aibu kuingia kwako. Nilitaka tu ujue."

Simu ilipokatika, Kagaruki alimpigia Evelyne. "Njoo tuandike. Tusifiche kitu."

Waliitaarifu Tume. Onyo lilikuja, na maagizo pamoja nalo: zahanati isajiliwe, kila mhudumu awe na nywila yake, anayeondoka kazini afungiwe njia ya kuingia kwenye mfumo siku hiyo hiyo. Kyaruzi alifikishwa mahakamani. Daktari mwenyewe alianza kuwatembelea wagonjwa waliokuwemo kwenye picha, mmoja mmoja, na Izigo alifika akiwa na dawa mkononi. Alikataa kiti mpaka aseme.

"Jovita, nimekuja kuomba radhi. Uzembe ni wangu. Una haki ya kudai fidia, na sitabishana nawe. Ukiniruhusu, Jumapili nitawaeleza wazazi ukweli kuhusu kifafa. Sitakutaja."

Jovita aliitazama bandeji yake. "Ugonjwa waeleze wewe, daktari. Habari zangu nitazisema mwenyewe."

Na alizisema, baada ya ibada, mbele ya watu wote. Alipomaliza, Ma Ephrasia alisimama bila kuitwa.

"Povu lake nimelifuta kwa mikono hii. Kuna aliyeniona nimeanguka?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kililegeza mengi. Watoto walianza kurudi darasani. Si wote, lakini wengi. Na mezani kwa Mwesiga, sahani ya Jovita ilirudi kati ya nyingine.

FUNZO

Ninyi mnaoongoza zahanati, shule, vyama vya ushirika na hata ofisi za makanisa, habari za watu mlizo nazo ni amana. Nyuma ya kila jina kwenye kompyuta yenu kuna nyumba kama ya Mwesiga. Jisajilini, fungeni milango yenu, na siri ikivuja semeni mapema, kwa maana ukimya wa Daktari Kagaruki ndio uliompeleka Jovita motoni. Nawe uliyepokea picha ya siri ya mwenzako, ifute isiende mbali. Sheria haikuletwa kumfunga mtu mwema mikono. Imeletwa ili aliye mnyonge aweze kusema, "Habari hizi ni zangu," na asikilizwe.